Siku Tisa Chini ya Bitana

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo huko chuoni? Sisi wazima, mama anakusalimu. Mguu wake bado unamsumbua asubuhi, lakini jua likishamfikia pale mlangoni anachukua mkasi na kunikatia nyuzi. Kazi ipo. Sare za shule zimejaa hadi kitandani kwangu.

Ila kazi ya nyuzi haiendi. Kila mteja akiingia, mama anaweka mkasi chini na kuanza habari za mwanawe anayesomea ukunga. Jana mtu alikuja kupunguziwa suruali, akatoka anajua hadi idadi ya vitanda vya wodi yenu. Mimi nipo hapohapo na tepu shingoni. Hakuna anayeuliza yule mtoto wa kwanza anafanya nini, kwani si wanamwona.

Jumapili Askofu alitutembelea, na baada ya ibada akawabakiza vijana. Mwenyekiti wa vijana alinitazama kama nimekosea mlango, lakini thelathini sijafika, nikakaa. Nilitegemea yale ya kila mwaka, pombe na simu. Hakuyagusa. Alisema hivi: "Kila mmoja wenu ana mtu ambaye bahati yake inamuuma. Mwendee. Usimwambie umemsamehe, maana hajakukosea. Mwambie ulivyomwonea wivu, na ulichokifanya kwa ajili ya huo wivu." Kisha akakaa.

Sasa tumeagizwa kila kijana aandike ukurasa mmoja wa mafunzo aliyoyapata. Wangu mweupe. Ni rahisi kusema hayo ukiwa ndiye uliyevaa joho zuri kuliko wote kanisani.

Jitunze, na ule vizuri.

Dada yako


21 Februari

Shikamoo dada,

Natumaini hamjambo nyote. Mwambie mama aache kuunyoosha mguu kwa nguvu, aukande kwa maji ya uvuguvugu.

Nina habari. Nimezalisha mwenyewe kwa mara ya kwanza, mwalimu akiwa amesimama nyuma yangu bila kugusa kitu. Mtoto wa kike, alitoka amekunja ngumi. Nilipomaliza nilikwenda chooni nikalia, halafu nikarudi kuandika ripoti kama mtu mzima.

Maneno ya Askofu niliwasomea wenzangu bwenini. Walicheka. Kesho yake mmoja wao akakiri kwa jirani yake wa kitanda kwamba yeye ndiye aliyemsemea uongo kwa msimamizi, kwa kumwonea wivu anavyopendwa na wagonjwa. Walilia wote wawili, na mpaka leo hawasalimiani. Sijui kama ujumbe umejenga au umebomoa.

Mimi nilijiuliza nimwendee nani, nikakosa. Lakini wewe ukurasa wako uandike, dada. Tangu utoto sijakuona ukimwonea mtu kijicho. Nani awafundishe hao vijana kama si wewe?

Mdogo wako


4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu za mama zipokee. Za kwangu utaamua mwenyewe ukishasoma.

Barua yako ya kuitwa chuoni haikuchelewa posta. Ufunguo wa sanduku ninao mimi, na niliitoa siku ileile ilipofika. Niliitambua kwa bahasha yake ndefu. Wewe ulikuwa unafua uani, unaimba. Nikaiweka kwenye boksi la bitana, chini kabisa, nikaendelea kushona. Ilikaa humo siku tisa.

Nilikuwa nakumbuka barua yangu mimi, ya chuo cha ualimu. Ilikuja mwezi uleule mama alipoanguka. Niliijibu kwamba siendi, na hapa nyumbani hakuna aliyeitaja tena. Yako ilipofika nikaona nafasi imekuja mara ya pili kwenye nyumba moja, na mara zote mbili imenipita.

Siku ya tisa ulikuja kunipimia kola bila kuombwa, ukaniuliza kama labda umefeli. Uso wako ulikuwa umepungua. Nikakwambia nakwenda posta, nikazunguka mtaa, nikarudi nayo. Ulinikumbatia. Hapo ndipo nilipojichukia.

Na usidhani wivu umeisha. Habari za yule mtoto wa ngumi zilinichoma. Nilifurahi pia, lakini kilichotangulia ni kuchomwa.

Dada yako


30 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima? Huu ni mwezi wa pili bila jibu, na sikulaumu. Naandika kukujulisha kwamba nimemwambia mama pia. Nilihofia asije akasikia kwako kwanza.

Aliuliza jambo moja tu: "Siku zote hizo tulikuwa tunakula pamoja?" Nikasema ndiyo. Tangu hapo nyuzi anakata, ila ananirudishia nguo bila kuniangalia. Wateja hawasimuliwi tena habari zako. Nilidhani siku akinyamaza nitapumua. Chumba kimekuwa kizito hadi cherehani inanipigia kelele.

Ukurasa wangu niliupeleka. Niliandika kwamba nimefanya alivyosema Askofu na sijapata nafuu yoyote. Mwenyekiti aliurudisha, akasema vijana watakata tamaa. Nikampelekea tena vilevile.

Dada yako


19 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimeandika barua nne nikazichana. Muhuri wa posta niliuona siku ileile uliyonipa barua, dada. Niliona tarehe, nikaenda kumgombeza yule mama wa dirishani mbele ya foleni nzima. Alinijibu kwa upole tu kwamba wao hawakai na barua za watu. Sikumwamini, nikakuamini wewe.

Na jingine hukulijua. Niliitwa kusomea chumba cha upasuaji. Nilipofika nafasi zilikuwa zimejaa, nikapelekwa ukunga. Nyumbani nikasema nimebadili mawazo, ili msinionee huruma. Sasa kazi hii naipenda, lakini kupenda kwangu kusikufanye useme mambo yameishia vizuri.

Askofu aliwapa kazi wenye wivu. Sisi tunaoambiwa hakutuachia maelekezo. Nikisema nimekusamehe nitakuwa naongopa, na nikisema sitaki kukuona nitakuwa naongopa zaidi. Barua yako ya ualimu nilikuwa naijua. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nilikuona ukiijibu, na kwa kuwa hukulia nikadhani hutaki. Sikuuliza hata nilipokua. Hilo ni langu.

Nakuja tarehe tano mwezi wa nane. Usije kunipokea stendi, sitaki tukumbatiane mbele za watu kabla hatujazungumza. Nitapita posta kwanza kumwomba radhi yule mama, kisha nitakuja moja kwa moja chumba cha cherehani. Siku hiyo usichukue kazi ya mtu.

Mdogo wako