Kidevu cha Gari Nyekundu

Baba Mwende mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu mvua zile za mwisho. Kila nikishika kalamu Mwende anaitaka, na yeye akilala mimi pia huwa nimeshalala, wakati mwingine na viatu miguuni. Kwa simu nakupata ukiwa penye kelele za mashine, unaniambia, "Nitakupigia baadaye," na hiyo baadaye haijawahi kufika Kawangware. Kwa hivyo nimeandika. Binti wa jirani anakuja huko Ghuba kufanya kazi za nyumba, na amekubali kubeba barua hii katikati ya nguo zake.

Kwanza nikukumbushe siku uliyokuja Makina kutafuta raba. Nilikuwa nakaanga mandazi kando ya Idi, yule fundi wa akala, viatu vya tairi, na wewe umechuchumaa mbele yake ukichagua vipande vya tairi, unavikunja, unaviachilia, unavinusa. Idi akakuuliza, "Kijana, mguu wenyewe uko wapi nipime?" Ukamwambia raba si ya mguu, ni ya gari. Aliweka kisu chini ili acheke vizuri. "Mmesikia? Mkamba ameleta gari inayovaa akala." Mimi pia nilicheka. Ukanunua mandazi, ukayala moja moja, polepole, kama mtu ambaye hana pahali pa kwenda.

Kumbe hukuwa na mchezo. Ulinieleza kwamba kuna vijana wananunua magari ya spoti, yale ya chini kabisa, yaliyotengenezewa barabara laini, halafu wanayaleta huku kwetu. Kila tuta la barabarani linayakwaruza chini ya bampa ya mbele, mahali ulipopaita kidevu. Kidevu kikikwaruzwa sana plastiki inapasuka, na kupata kingine ni kazi. Wewe ulikuwa unafunga ukanda wa raba hapo chini, uliokatwa kwenye ubavu wa tairi la gari ndogo, maana ubavuni hakuna waya. Tuta linakula raba. Raba ikiisha unafunga nyingine, na kidevu kinabaki kizima.

Nilikuwa sijui kama kuna mtu anaweza kupenda sehemu ya gari ambayo hakuna anayeiona.

Tulipohamia Kawangware, stendi ya 46, na kukodi kile kibanda kando ya tuta, ndipo nilipokuona ukifanya kazi. Hukuwahi kushika drili kabla gari haijakuonyesha inaumia wapi. Ulikuwa unapaka chokaa juu ya tuta, mwenye gari anapita taratibu, halafu unatandika gunia, unaingia chini, unatafuta mahali weupe uliposhika. Hapo ndipo raba inaenda. Mimi nilikuwa natembea kinyumenyume mbele ya gari nikiwaelekeza kwa mkono, na wewe ukipiga kelele kutoka kando, "Asilipande kwa kifua! Mwambie apande na mguu mmoja." Nikawa nawaambia wenye magari wakate kona kidogo, tairi moja itangulie, nyingine ifuate. Wengine walinibishia. Wakisikia mkwaruzo, walitii.

Kazi ikiisha ulikuwa unanyamazisha watu wote pale, hata yule mama wa chipsi. Gari inapita juu ya tuta na sisi tunasikiza. Ikipita bila sauti, hukuwa unamtazama mwenye gari. Ulikuwa unanitazama mimi.

Ulipoondoka Mwende alikuwa anatambaa. Sasa anakimbia, anaongea, anauliza. Kuna kitu sijakwambia kwa simu kwa sababu hakiingii katika dakika chache. Huyu mtoto hakukumbuki uso. Anakumbuka miguu. Alizoea kukuona ukiwa miguu miwili inayotoka chini ya gari, na hata sasa tukipita gereji yoyote, akiona viatu vimechomoza chini ya gari, ananiponyoka anaenda kuvishika. "Baba." Mwanamume wa watu anajivuta nje na uso umejaa grisi, Mwende anamwangalia, halafu anarudi kwangu. Mafundi wengi wa hapa wameshamzoea. Wanamwambia, "Si mimi, mrembo. Endelea kutafuta."

Sasa nije kwa lile lililonifanya niandike. Mama yako alinipigia. Akasema umesema niuze vyombo vyako vya kazi, niachilie kibanda, niende Kitui nikungojee huko kwake. Sikumjibu vibaya, ni mama. Nilimwambia tu, "Sawa mama, nimesikia." Lakini Baba Mwende, kwa nini neno kama hilo lifike kwangu kupitia Kitui? Wiki hiyohiyo Mama Shiro mwenye kibanda akanijia, mikono kiunoni. "Mimi sina ubaya na wewe. Lakini kibanda cha fundi bila fundi ni stoo. Mwezi ukiisha nampatia mtu wa kuosha magari."

Basi nikawa nimekaa pale mlangoni kati ya maneno hayo mawili, na Mwende mgongoni, wakati gari nyekundu ilipofika. Iko chini, Baba Mwende, hujawahi kuona. Mama wa chipsi alisema hiyo si ya kupanda, ni ya kulalia. Kijana mwenyewe anaitwa Brayo, amehamia ploti za kule nyuma ya stendi ya 56.

"Niaje mathe. Fundi ako?"

"Hayuko."

"Atarudi saa ngapi?"

Nilitaka kucheka na sikuweza. Nikamwambia, "Nionyeshe kidevu."

Akaniangalia, akamwangalia mtoto. "Wewe ndiye utafanya?"

"Kwani iliyokukwaruza ilikuwa barabara ya wanaume?"

Watu walicheka, na nadhani ni aibu ya kuchekwa ndiyo iliyomfanya akubali. Nikamshusha Mwende, nikafungua sanduku lako. Chokaa ilikuwa imeganda kama jiwe. Nikachukua poda ya Mwende nikaimwaga juu ya tuta, na Mwende akalalamika, "Mama, hiyo ni ya shingo yangu." Brayo akapita, kwaruuu, kila mtu akakunja uso. Nilipoingia chini kulikuwa na harufu ya mtoto aliyetoka kuoga, na mstari mweupe upande wa kushoto, pale pale ambapo wewe ungesema utakuwa.

Halafu nikakosea, na najua utacheka. Ubavu wa tairi umepinda kama ganda la tikiti. Mimi nimekulia kando ya Idi, nimeona raba ikilazwa maisha yangu yote, na akala hulazwa mdomo, yaani ule upande uliobonyea, ukiwa juu ili ukumbatie mguu. Nikaifungia gari vilevile, kama naivalisha kiatu, mdomo ukitazama mbele. Brayo alipopita, raba iliuma tuta, ikakunjika, ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Mama wa chipsi akasema, "Hiyo imefungwa spika." Mama Shiro alikuwa anatazama kutoka kwa geti yake. Niliona anageuka kuingia ndani.

Nikamwambia Brayo azime gari. Nikarudi chini. Nililala pale nikijaribu kukumbuka mikono yako, si maneno, mikono. Nikakuona ukishika raba na kuigeuza tumbo mbele, mdomo nyuma, ili ikikutana na tuta ilale yenyewe. Nikaanza kufungua.

Ndipo nikasikia mikono midogo ikishika viatu vyangu. Nilikuwa nimevaa buti zako.

"Baba," akasema.

Sikutoka haraka. Nilijisingizia kwamba drili imekwama kwenye riveti. Nililala pale nikiangalia chuma, na yeye anangoja, anapigapiga ile buti kama mtu anayebisha hodi. Nilipojivuta nje alinitazama muda mrefu kuliko anavyowatazama wale mafundi wengine. Halafu akaketi juu ya gunia langu na hakuondoka.

Nilimaliza kufunga. Nikamwambia kila mtu anyamaze. Brayo alikata kona kama nilivyomwambia, tairi moja ikapanda, nyingine ikafuata, na gari nyekundu ikapita juu ya tuta kama mtu anayepita mbele ya waliolala. Hakuna sauti. Nikageuka kukutafuta.

Palikuwa na mama wa chipsi anapiga makofi na mikono ya mafuta. Palikuwa na Mama Shiro amerudi kwa geti. Palikuwa na Brayo akisema, "Mathe, umeweza." Mahali pako palikuwa na ukuta. Hukuniambia kwamba kazi ikiwa nzuri ndipo mtu hukosekana zaidi.

Mama Shiro alikuja baadaye na chai. "Huyo wa kuosha magari atatafuta kwingine," akasema. "Lakini ukifunga kibanda ukakaa nyumbani, nitampigia." Nikamwambia sitafunga. Na sijafunga. Brayo ameshaleta rafiki zake wawili, na gari zao ni za kutambaa vilevile.

Kwa hivyo siendi Kitui. Nitaenda kumwona mama Krismasi pamoja na Mwende, nitamsaidia shambani nikiwa huko, halafu nitarudi kazini. Mwambie wewe mwenyewe, kwa heshima, kwa sauti yako, kwa sababu wewe ndiye uliyemtuma. Vyombo vyako havijauzwa. Nimevipaka mafuta. Usiku nikivifunga ndani ya lile sanduku huwa naongea navyo kidogo, kwa kuwa hakuna mtu mzima mwingine nyumbani, na asubuhi najiambia niache.

Siombi manukato kama yale uliyotuma. Yalipasukia njiani na kila kitu kikanukia isipokuwa mimi. Huyu binti akija likizo, mpe hivi: riveti za kufungia raba, za chuma kisichoshika kutu, zile za kichwa bapa, kwa sababu za kichwa cha duara zinang'olewa na tuta. Misumari ya drili, ile nyembamba, yangu imebaki butu. Ule ukanda wa raba wenye mdomo ulionisimulia kwamba unauzwa huko kwa mita, hata kipande tu, nijue unavyokatwa. Glovu za mkono mdogo. Sauti yako iliyorekodiwa kwenye simu ukimwita Mwende kwa jina, ili nimwekee aisikie akishika viatu vya watu. Picha yako ukiwa umesimama, uso wote uonekane. Na neno moja, unarudi au hurudi. Hilo usilipitishe Kitui. Nitumie mimi, hapa kwenye tuta, hata kama litakwaruza.

Bado mkeo,
Mama Mwende