Mkataba Ambao Sikuusoma

Dubai,
Jumapili mchana

Papa wangu,

Nakuinamishia kichwa kutoka huku nilipo. Uniwekee mkono kichwani hata kama hasira haijaisha, halafu tuongee. Goti lako linaendeleaje? Yeyo, mama yangu asiyeficha kitu, aliniambia umeanza kutembea bila fimbo hadi kwenye tangi la maji, nikafurahi. Kesho yake akaniambia umemfukuza ndama mpaka karibu na reli, nikaacha kufurahi. Na nyasi je? Nasikia mvua ilinyesha upande wa Isinya, ikafika kwa jirani na kugeuka. Natumaini imekumbuka njia ya kwetu.

Mimi ni mzima. Joto la huku ni lile la Magadi, ila hapa watu wanaishi ndani ya mashine za baridi, kwa hiyo mchana mimi ndiye ninayevaa sweta. Kikohozi kilichonisumbua kimeisha. Nakula vizuri, isipokuwa maziwa ya huku ni meupe tu, hayana ladha ya kitu chochote.

Yeyo amenieleza kwamba kila nikipiga simu unatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawajaenda popote. Alisema alikubembeleza, ukamjibu, "Kama ako na neno, aandike. Si kuandika ndiyo kazi yake?" Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikaenda kununua karatasi. Barua hii anakuletea Mumbua, mwanamke wa Athi River anayepika katika hoteli iliyo karibu na ninapoishi. Anakwenda likizo na ameahidi kupita Kitengela na kuikabidhi mkononi mwako kabla hajaenda kwao. Tafadhali mpe chai na usimhoji.

Papa, nianze kwa kukueleza kazi yangu, maana naona sijawahi kukueleza vizuri. Pale Kitengela kuna wanaodhani nafua nguo za watu huku, na wewe unawajibu kwamba mimi ni wakili. Nyote mmekosea. Ofisi yetu ni tawi la kampuni kubwa ya mawakili ya kimataifa, na tawi hili ndilo linaloshughulikia Afrika na nchi za Kiarabu. Wako wanaoandika mikopo ya mabenki. Wako ambao kampuni moja ikitaka kununua nyingine, wao ndio wanaokaa katikati. Wako wa miradi mikubwa, barabara, bandari, umeme wa jua, na wako wengine ambao ugomvi ukizuka hawaendi mahakamani kabisa, wanaupeleka mbele ya wasuluhishi katika miji ya mbali. Mimi si mmoja wa hao. Mimi nazunguka kwenye meza zao, nauliza mwaka huu mmefanya nini, kisha naandika kwa lugha tamu ili wateja waje. Kuna vitabu vinavyopanga kampuni za mawakili kama vile shule zinavyopangwa baada ya mtihani, na mimi ndiye ninayejaza fomu zake. Nguvu za ofisi yetu, mtu yeyote akizisoma popote, amesoma maneno yangu.

Najivunia kazi hiyo. Sitakuficha. Ndiyo maana Krismasi iliyopita nilikuja na kile kijitabu chenye karatasi ya kung'aa. Unakumbuka wazee walivyokaa, Mzee Parsaloi na wenzake, na jirani yetu Mama Resian amesimama mlangoni na mjukuu mgongoni. Ukaniambia niwasomee. Nikawasomea kwa Kiswahili, nikaongeza chumvi hapa na pale, nikasema sisi ni wa kwanza kwa miradi ya umeme, sisi hatujawahi kushindwa katika jambo la ardhi. Wakapiga makofi. Ndipo Mama Resian akauliza kama ofisi hiyo husaidia pia watu kama wao. Nilikuona unanitazama. Nikasema ndiyo.

Papa, hilo halikuwa kweli. Tangu niingie pale sijamwona mfugaji hata mmoja akiingia kwa ule mlango kama mteja. Wateja wetu ni makampuni, mabenki na serikali. Nilisema ndiyo kwa sababu ulikuwa umevaa lile koti lako zuri na ulikuwa na furaha, na sikutaka kuwa mtu wa kukuharibia siku. Nimelibeba neno hilo tangu siku ile.

Sasa nikueleze yaliyotokea upande huu, kwa sababu wewe umeyaona ya upande huo tu.

Watu wa kampuni ya umeme wa jua walipokuja kwako kuomba kukodi ardhi yako na ya majirani, walifuatana na wakili mmoja kutoka ofisi yetu, mama Mghana anayeitwa Adjoa. Mimi sikujua. Kazi za watu huwa hatuambiwi mpaka zimalizike, ndipo niziandike. Adjoa aliporudi hakwenda kwenye meza yake. Alikuja kwangu na begi lake bado mkononi, akavuta kiti. Aliniambia umemchinjia mbuzi, umemwita yeye pia binti yako, na kwamba hajawahi kupokelewa namna ile katika kazi yake yote. Nilikuwa karibu kufurahi. Kisha akasema, "Nashipae, nilimwambia baba yako aupeleke mkataba kwa mtu amsomee kwanza. Akasema umeshasomwa. Nikamuuliza na nani. Akasema na wewe."

Nikaelewa hapo hapo ulivyofikiri, na siwezi kukulaumu. Mkataba umekuja na jina la ofisi juu yake, jina lile lile lililo kwenye kijitabu changu pale juu ya kabati. Kwako karatasi hiyo imetoka kwa mtoto wako. Na kwa desturi yetu, mtu akitoka nyumba ya mtoto wako ukamlisha nyama yako, huwezi tena kuanza kumchunguza maneno. Wewe uliwatendea kama wakwe. Lakini wao, Papa, walikuja kama wanunuzi sokoni, na kwenye mnada wa ng'ombe wewe huwezi kumwachia mnunuzi akuchagulie bei, hata awe na adabu namna gani.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa mkuu wa ofisi. Ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, anajua Kiswahili cha kuulizia njia. Nilimwambia yote, hata lile la Krismasi. Nilidhani nitafukuzwa. Alinisukumia sanduku la tishu, akasema, "Mimi siwezi kumsaidia baba yako, mteja wangu ni kampuni. Lakini sitaki sahihi ya mtu anayedhani wewe umemsomea." Aliamua ofisi iwaandikie nyote wenye ardhi, mtafute mawakili wenu wenyewe kabla ya kutia sahihi. Na mimi nikawekewa ukuta. Ndivyo wanavyouita. Faili lenu haliwezi kufunguka kwenye kompyuta yangu, Adjoa haruhusiwi kunitajia, na mimi siruhusiwi kuuliza, kusoma wala kushauri.

Kesho yake, nadhani maneno ya Adjoa yalikuwa yamekuingia, ndipo uliponitumia zile picha za mkataba kwenye simu, kurasa zote, vijipicha vidogo, moja ina kidole chako juu yake. Nilizifuta bila kuzifungua. Ukapiga. Nikakuambia siwezi kukusomea. Nilisema vibaya, Papa, nilisema haraka haraka kwa sauti ya ofisini, kwa sababu nilikuwa kwenye ngazi na watu wanapita. Ukaniambia, "Nilikupeleka shule ndio usome. Sasa leo nakuambia soma, unaniambia umekatazwa." Ukakata simu. Neno hilo naamka nalo na kulala nalo. Uliuza ng'ombe wa kupenda kwa ajili ya shule ile, namjua hata rangi yake. Una haki ya kuliuliza. Sina jibu zuri, nina hili tu: ningesoma karatasi moja kwa siri, ningekuwa nakuibia wewe vilevile, kwa sababu mkataba wenyewe ungekuja kuvunjwa siku wakijua, na mimi ningekuwa nimekuachia aibu badala ya ushauri.

Lakini kipo kitu kimoja ninachoweza kukusomea. Kijitabu changu. Kile ni cha kila mtu, kipo hata kwenye mtandao. Wiki iliyopita nilikaa nikakisoma upya, si kama nilivyoandika, bali kama wewe, mtu mwenye ardhi aliyekaa upande wa pili wa meza. Kuna mahali nimeandika kwamba mikataba yetu hudumu hata vizazi vikibadilika. Nilikuwa nasifu. Sasa nilimwona mtoto wa kaka akiuliza mbona hawezi kuchunga mahali fulani. Kuna mahali nimeandika kwamba migogoro husikilizwa nje ya nchi kwa haraka na kwa siri. Nikamwona Mama Resian, ambaye kwenda Kajiado mjini ni safari ya kujiandaa. Na kuna mahali, hapa ndipo nilipofunga kijitabu, nimeandika kwamba tunalinda fedha za mteja hata pale mwenye ardhi anapobadili nia. Kwa sentensi hiyo nilisifiwa mbele ya ofisi nzima. Nilipoiandika sikumfikiria mtu yeyote. Mwenye ardhi alikuwa neno tu.

Usinielewe vibaya. Sisemi mkataba wako ni mbaya. Siujui, naapa kwa kichwa cha Yeyo. Huenda ni mzuri. Umeme wa jua hauondoi nyasi zote, na kukodisha si kuuza, na wewe unajua kuliko mimi wale waliouza vipande vyao pale Kitengela, leo ni walinzi kwenye mageti ya magorofa yaliyojengwa walipokuwa wakichunga. Adjoa si mwizi pia. Ni mtu mwema, na anaipenda kazi yake, na kazi yake ni kuhakikisha kampuni haipotezi. Nguvu zote nilizowasomea wazee wakapiga makofi ni za kweli. Ila hazikuwa zenu, na mimi niliwaacha muamini ni zenu.

Ile barua ya ofisi ya kuwaambia mtafute mawakili itawafikia, kama haijafika. Imeandikwa Kiingereza na ina jina lile lile juu. Najua utaitazama, utasema binti yangu ameandika tena, utaiweka juu ya kabati pamoja na kijitabu. Ndiyo maana nimeandika hii kwa mkono wangu, kwa karatasi isiyo na jina la ofisi.

Nilimwomba mkuu wangu angalau nikuchagulie wakili mzuri. Akakataa, na nilipofikiri nikaona yuko sawa. Mtu nitakayemchagua mimi bado atakuwa ametoka nyumba ile ile. Kwa hiyo nenda Kajiado mwenyewe, Papa. Zile ofisi karibu na mahakama, ingia moja, ukiona hupendi sura yake toka uingie nyingine, kama unavyofanya ukichagua madume ya ng'ombe. Mtafute asiyenijua. Nenda na Yeyo, kwa sababu bodi ya ardhi inayopaswa kuidhinisha mkataba itauliza kama mke amekubali, na yeye huuliza maswali ambayo wewe unaona haya kuuliza. Nenda na Mama Resian na Mzee Parsaloi pia, mkalipe wakili mmoja pamoja. Na mwende kabla ya kikao cha bodi, si baada.

Nisalimie Yeyo, mwambie zile shanga nimezivaa ofisini na watu wawili wameuliza zinauzwa wapi. Nisalimie kaka na mke wake, na yule mdogo wao aliyeanza shule. Salimia shangazi aliye Ngong ukienda sokoni, umwambie sijamsahau ila nambari yake imepotea. Mwambie Mchungaji aendelee kuniombea, naona inafanya kazi. Na Mama Resian, Papa, usimpe salamu tu. Kaa naye umsomee barua hii yote, hasa pale niliposema ndiyo.

Yeyo anasema Mama Resian amekataa kutia alama ya kidole mpaka aone umetia sahihi wewe. Wengine wote wanakungoja wewe, na wewe unaningoja mimi, na mimi sijasoma hata mstari mmoja. Hakuna aliyesoma, Papa. Kasirika nami. Usishike simu yangu hata mwaka mzima, nitavumilia. Lakini usiweke sahihi yako kwa sababu ya jina langu.

Mtoto wako uliyempeleka shule,
Nashipae