Chai Itasubiri

Roshtkala, 6 Novemba

Mwanangu Nekruzi,

Salamu nyingi kama theluji iliyotuangukia juzi. Baba yako hajambo, ila magoti. Shangazi yako Savsan hajambo, na ulimi wake haujambo zaidi. Ng'ombe amezaa. Wewe huko Moscow u mzima? Unakula?

Mkeo Odinamo ndiye simwelewi. Baridi imemkaa mifupani, uso umevimba, anasinzia amekaa. Vidonge vya tezi ya shingoni anameza kila asubuhi, namwona kwa macho yangu. Savsan anasema, "Mwezi wa nne huu anasinzia tu! Huyo haumwi, ni mvivu. Mrudisheni kwao." Baba yako ameanza kuitikia kwa kichwa. Niambie la kufanya kabla hawajamtafutia gari.

Mama yako

Moscow, 21 Novemba

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, ninakula, usikonde kwa ajili yangu. Shangazi nasikia yuko imara, poleni.

Nilimwuliza mwuza dawa wa hapa. Akaniuliza, "Anameza na nini?" Kama ni shirchoy, Mama, ile chai yetu ya maziwa, basi maziwa yanainasa dawa, mwilini inafika kidogo. Ameze kwa maji matupu, tumbo tupu, kisha asitie kitu mdomoni mpaka saa nzima ipite. Na asirudishwe popote.

Mwanao

Roshtkala, 12 Februari

Mwanangu,

Sote wazima. Barua yako aliisoma Odinamo kwa sauti. Alipofika kwenye "asirudishwe" akalisoma mara mbili.

Ameze na nini tena kama si shirchoy? Nani hapa huamka akanywa maji, punda? Lakini tukafuata. Shida ikawa moja: mkwe hawezi kukaa anatutazama tukinywa, na sisi hatuwezi kunywa tunatazamwa. Nikasema birika la maziwa halipandi jikoni mpaka saa yake iishe. Savsan akafoka, "Tufe njaa kwa sababu ya shingo ya mtu?" Nikamwambia, "Na yako ipumzike kidogo, wifi."

Uvimbe wa uso umeshuka. Hospitali ya mjini Khorog wamempima damu, wakasema aendelee hivyohivyo, asiache.

Jana nilisikia koleo juu ya paa, nikadhani baba yako na magoti yake. Nikatoka mbio. Kumbe Odinamo, anasukuma theluji, anapiga kelele, "Shangazi Savsan, sogea hapo, nisije nikakuzika!"

Savsan akasogea.

Habari za gari hazitajwi tena. Lete neno upesi unakuja lini. Ila ukifika asubuhi, chai utaisubiri kama sisi.

Mama yako