Aliyoniambia Fundi Balcha

Dessie, Jumapili alasiri

Mwanangu Fikru,

Hujambo huko Hawassa? Mimi mzima, na mvua zimeshika. Kuku wako mweupe ametotoa vifaranga saba. Kahawa nimempa binamu yako Zenebech akuletee. Itazame kama haijapungua, unamjua.

Jirani yetu Fundi Balcha anaumwa sana. Jana nilikuwa namlisha uji wa shayiri, akanishika mkono.

"Mama Fikru, lile lori lililomuua mumeo, dereva nilikuwa mimi."

Nilicheka. "Homa imekupanda, baba. Wewe ni fundi viatu."

"Nilikimbia siku ile, nikaacha kuendesha. Nikajifunza kushona viatu, kisha nikahamia hapa, nione mnaishije."

Kijiko kilinidondoka. Miaka kumi na tisa, Fikru! Mtu aliyekufundisha baiskeli, aliyekushonea viatu vya shule, aliyembeba bibi yako hadi kaburini! Nilitoka bila kuaga, nikakaa kizingitini kwangu, hata kulia nikashindwa.

Leo asubuhi nilimsikia ng'ambo ya ukuta akikohoa na kuomba maji, na hana mtu. Nikampelekea.

"Kunywa," nilimwambia. "Lakini sijakusamehe."

"Najua," akasema, akanywa huku machozi yakimtoka.

Anakuulizia. Sijamwambia kwamba nakuandikia. Usipokuja sitakulaumu, mwanangu, maana mimi mwenyewe sijui kesho nitaingia mle kwa moyo gani. Ila ukiamua kuja, uje upesi.

Ni mimi mama yako,
Alemitu