Mtani Wangu Kanitukana Bomani

Mpendwa Mwalimu Mikidadi, mshauri wetu wa gazetini, ama baada ya salamu nyingi, nimekwama, nikwamue.

Mimi ni Mmanyema, nimezaliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kwa Mbelgiji, nikaja huku na misafara, na hapa Morogoro nimeoa Mluguru, Chausiku, tunalima shamba la ukoo wao njia ya Mgeta, basi nikaomba serikali ya Mdachi iniandike raia wake nisije nikafukuzwa, na juzi nikaitwa bomani kuulizwa maswali. Nikaulizwa jina la Kaisari, sikukuu yake lini, jumbe wangu nani, yote nikajibu, hata bwana shauri, yule Mdachi anayeamua kesi bomani, akaitikia kwa kichwa, kisha akataka shahidi mwenyeji anayenijua, nami nikamleta jirani yangu Rehani, mtani wangu, naye mbele ya bendera akasema, "Huyu? Mwizi wa kuku! Babu yangu alimnunua kwa kibaba cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga. Mrudisheni kwao!" Askari wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka, maana mtani hakasirikiwi, lakini bwana shauri hakucheka, aliandika, akasema nirudi Jumatatu kwa jibu, na asiyetakiwa na wenyeji hurudishwa kwao.

Sasa nikisema Rehani kasema uongo, atalazwa chini achapwe viboko hamsa ishirini, na nikinyamaza namwacha Chausiku na mimba yake. Naogopa, Mwalimu. Nifanyeje?

Stambuli, Morogoro

Stambuli, pole, lakini na wewe! Mtu mzima unampeleka mtani bomani? Mtani hupelekwa matangani. Mzungu atajuaje? Kwao anayekutukana ni adui, nawe ulipocheka akaona umekiri. Na Rehani mwambie nimesema hana adabu.

Usikimbie, wala usimwite mwongo. Jumatatu nenda mapema na jumbe wako, na mama mkwe wako, kwa kuwa shamba ni la ukoo wake. Aseme mwenyewe kuwa wewe ni mkwe wake na mjukuu wake yu tumboni. Rehani naye aje aeleze kuwa ule ni utani, na akianza tena, mama mkwe amkanyage mguu. Kisha mwombe bwana shauri awaulize askari wake walicheka nini.

Wewe mwambie hivi, usitafune maneno: "Bwana, mgeni hapa hupewa kiti na maji. Hatukanwi. Mimi nimetukanwa, kwa hiyo mimi ni wa hapa."

Wakishakuandika, mtoze Rehani jogoo. Angalia tu asiwe wako mwenyewe.