Katoka, Katutoka

Dubai,
Jumapili, baada ya Alasiri.

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeiandika, kisha nikaweka kalamu chini nikasubiri kama mpumbavu, maana sijui kama safari hii utaitikia.

Vipi mgongo? Vipi tangi la hapo Kitangari, bado lina maji ya mvua au mmeshaanza kushuka bondeni na ndoo? Na ile mikorosho ya Makote, mmeipulizia salfa mapema, au mmesubiriana kama kila mwaka mpaka ubwiri unga umeshakula maua? Mimi ni mzima, isipokuwa sehemu moja ya mwili, na hiyo sehemu moja ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Zainabu mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma. Tafadhali usiruke kitu. Nakufahamu, ulikuwa unaruka mistari hata kwenye kitabu cha shule, mwalimu anakutazama tu. Mama akikuambia, "Basi, kunja," usikunje. Mwambie kaka ameomba ifike mwisho, halafu baada ya hapo aseme atakalo.

Barua anaileta fundi bomba mmoja wa Lupaso ambaye mkataba wake hapa umekwisha. Amekubali kupitiliza kwao, apande gari la Masasi kwenda Newala, aifikishe mkononi. Namshukuru sana. Mtauliza kwa nini nisipige simu kama watu wengine. Simu ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mama, siku ile uliponipigia kunipa habari ya msiba wa Mjomba Mfaume, mimi sikusikia msiba. Nasema tena, na Zainabu alisome mara mbili neno hili: sikusikia msiba.

Hujawahi kuniona nikiwa kazini, kwa hiyo nikueleze nilikuwa wapi. Bendi yetu inapiga kwenye harusi na sherehe za mahotelini, leo ukumbi huu, kesho ule. Mimi nina vinanda viwili, kimoja juu ya kingine, nina kompyuta inayotoa milio ya ziada, na maiki ya kuitikia nyimbo. Vyote hivyo vina nyaya, na ilikuwa lazima kila waya uende mpaka kwenye mitambo mikubwa nyuma ya ukumbi, kwa fundi mitambo. Nikitaka sauti ya kinanda cha chini ipande kidogo, nampungia mkono. Yeye anadhani namsalimia, naye ananipungia. Ndivyo tulivyofanya kazi. Kabla ya kila sherehe nilikuwa napiga magoti karibu saa nzima, natafuta waya upi ni wa nani.

Ulipopiga nilikuwa katika hali hiyo, mchana, nimepiga magoti nyuma ya vinanda, mikono yote miwili imejaa nyaya, simu nimeibana kati ya bega na sikio la kushoto. Mpiga drams alikuwa anajaribu ngoma zake. Nikasikia sauti yako ndogo sana: "Saidi mwanangu... njomba'ko... katoka."

Ulisema katutoka. Sasa najua. Lakini mimi nilisikia katoka, na Mjomba alikuwa amelazwa wiki mbili, na kila siku nilikuwa naomba atoke. Ningefikiria nini kingine? Nikapiga kelele mpaka mpiga drams akageuka. Unayakumbuka niliyosema kuliko mimi, lakini acha niyaandike, nisionekane nayakwepa. Nilisema, "Alhamdulillah! Si nilisema atatoka tu? Mchinjieni kuku, Mama! Mchinjieni yule jogoo mwenye makelele! Na mwambieni nikija nampigia kinanda mpaka acheze mwenyewe!"

Ukanyamaza. Nikaita, "Mama? Mama?" Simu ikakatika, nami nikasema ni mtandao wa Kitangari huo, nikaendelea kuchomeka nyaya zangu. Usiku ule harusini nilipiga kwa furaha. Ndiyo, Mama, kwa furaha. Mjomba yuko ndani ya sanda nami nacheza mabega.

Baada ya hapo kila nikipiga simu hakuna anayepokea. Nikasema wako shamba. Nikasema hakuna umeme, simu hazina chaji. Nilikuwa na sababu nyingi za kuwatetea. Halafu Bakari akaniletea ujumbe wa maneno manne: "Kuku tumemla. Asante, binamu." Unajua mimi na Bakari tulivyo. Ni mtoto wa Mjomba, ni mtani wangu, tumetaniana tangu tukiiba mabibo ya watu. Nikajua ni utani. Nikacheka peke yangu, nikamjibu, "Mwizi mkubwa wewe, na paja langu mmelificha wapi?"

Kumbe ilikuwa siku ya arobaini. Nikikumbuka lile paja, Mama, natamani ardhi ipasuke.

Sasa sikieni nilivyojua. Kuna mpiga kinanda mwenzangu, Mkongo, aliniona ninavyohangaika na zile nyaya akanicheka, akanionyesha kitu anachotumia yeye. Ni miksa ndogo, haizidi sahani ya wali. Unaiweka hapo hapo ubavuni mwa kinanda, vyombo vyako vyote unavichomeka humo, unapanga mwenyewe kipi kipande kipi kishuke, na kwa fundi mitambo zinaenda nyaya mbili tu. Na ina tundu la hedfoni, zile spika ndogo za kuvaa masikioni, unajisikiliza mwenyewe kabla watu hawajakusikia. Nikaipenda. Nikanunua ya kwangu. Nikasema ama kweli nimechelewa kupata akili, miaka yote napiga magoti bure.

Siku ya kwanza kuijaribu nilikuwa chumbani kwetu, asubuhi. Ina vitufe vya kuzungusha, na kimoja kinasukuma sauti iende kushoto au kulia. Nikasukuma kinanda cha chini kushoto chote, cha juu kulia chote, nisikie kila kimoja peke yake. Nikavaa hedfoni. Cha juu kinalia vizuri. Cha chini, kimya.

Nikabadilisha waya. Kimya. Nikabadilisha tundu. Kimya. Nikaazima hedfoni nyingine. Kimya vilevile. Nikaanza kumtukana aliyeniuzia. Nikamwita mwimbaji wetu, dada mmoja wa Mombasa, nikamwambia, "Hebu sikiliza huu uchafu nilionunua." Akavaa hedfoni, mimi nikabonyeza cha juu, nikabonyeza cha chini. Akaniambia, "Vyote viwili vyalia, Saidi. Kimoja huku, kimoja huku." Nikasema hapana. Akasema, "Vyalia, wallahi."

Nikazichukua zile hedfoni, nikazigeuza, ya kushoto nikaivaa kulia na ya kulia kushoto. Kinanda kilichokuwa kimya kikaongea, na kile kilichokuwa kinaongea kikanyamaza.

Yule dada akaniuliza nina nini, nikamwambia hakuna kitu. Nikazigeuza tena, na tena, kama mtoto anayewasha na kuzima taa.

Nimekwenda hospitali. Daktari, mama wa makamo, alinifungia kwenye chumba kidogo, akaniambia nibonyeze nikisikia mlio. Sikio la kulia nikabonyeza, nikabonyeza. La kushoto nilikaa na kidole juu mpaka akafungua mlango. Aliniuliza imeanza lini. Mama, sijui. Hakuna siku niliyoamka nikakuta halipo; siku ile uliponipigia nadhani lilikuwa bado limebakiza chembe, ndiyo iliyonidanganya. Drams zimekaa kushoto kwangu tangu enzi za harusi za Masasi, nami nilikuwa naongeza sauti tu, naongeza sauti. Amesema mishipa ya ndani imekufa, haishonwi, haina dawa wala operesheni, nililinde lililobaki. Nikamwuliza, hata kidogo? Akatikisa kichwa, akaniandikia karatasi.

Nilipotoka pale ndipo nilipoihamisha simu sikio la kulia. Nikapiga, nikapiga, siku ya tatu wewe Zainabu ukapokea. Nilikusikia kila neno, mdogo wangu, vizuri kuliko nilivyomsikia mtu yeyote kwa miaka. Ulisema, "Mama anasema hana la kuzungumza na mtu aliyeshangilia msiba." Nikauliza, "Msiba wa nani?" Ukasema, "Unaendelea na utani mpaka leo?" Ukakata. Nikarudi nyuma siku moja moja. Kuku. Arobaini. Katoka. Nilikuwa kando ya barabara, juani, watu wananipita, nikalisema lile neno kama unavyolisema wewe, Mama, katutoka, nikaelewa. Nililia pale pale, mtu mzima mwenye ndevu.

Sijui kama utaniamini. Ningekuwa wewe, nami labda nisingejiamini, maana wote mnajua tulivyoachana mimi na Mjomba. Alitaka nibaki na mikorosho ya Makote, mimi nikafuata kinanda. Maneno yake ya mwisho kwangu pale barazani mliyasikia: "Nenda. Hata nikifa utakuwa unapiga kinanda chako." Ndiyo maana mliamini haraka kwamba nimefurahi. Na alivyosema ndivyo ilivyokuwa, Mama. Inaniuma kuliko sikio.

Lakini sikumchukia. Nilimkasirikia, nikamnunia, niliona ananionea. Kumchukia, hapana. Yeye ndiye aliyenitoa jandoni mabegani mwake. Mimi ndiye mpwa wake mkubwa, na kwetu mpwa ndiye anayemrithi mjomba, mimi ndiye niliyetakiwa kukaa mkekani siku ile ya arobaini na kuvishwa kanzu yake mbele ya ukoo, na mkeka ulikaa mtupu huku nikiuliza habari za paja. Nani aliivaa? Au mmeiweka? Sina uso wa kuuliza, lakini nauliza.

Nimefikiri nije. Pasipoti iko kwa tajiri mpaka mkataba uishe, na bado ni mwaka na ushei. Nikimweleza kisa chenyewe, lazima nimwambie na habari ya sikio, na mpiga kinanda asiyesikia atamweka wa nini? Atanirudisha kweli, lakini nitarudi bila kazi, na hakuna bendi nyingine itakayonichukua. Kila upande ninaogeukia naona ukuta. Na hata nikija kesho, nitakuja kufanya nini? Mjomba keshazikwa. Nitalieleza kaburi kwamba sikusikia vizuri?

Kwa hiyo naendelea. Ile miksa ina uwezo wa kukusanya sauti zote zije pamoja, kusiwe na kushoto wala kulia, nami nimeiweka hivyo na siigusi. Nasikia vinanda vyote kwa sikio moja. Cha ajabu, kazi imekuwa rahisi. Nafika ukumbini, nachomeka dakika tano, nimemaliza. Fundi mitambo ananisifu, anasema siku hizi sauti yangu imetulia, hata kunipungia mkono ameacha. Kiongozi wa bendi anasema wengine waige kwangu. Nami natabasamu, kila mara natafuta pa kusimama ili huyu na yule wawe kulia kwangu, na mtu akinisemesha kutoka kushoto ananiona nina kiburi. Nimechoka, Mama. Sijui nimlilie nani zaidi yako, na wewe hupokei simu.

Nisalimie Mama Bakari, mjane wa Mjomba, kama ataipokea salamu yangu. Mwambie namwomba radhi kwa magoti. Nisalimie bibi mzaa mama, na mumsomee polepole na kwa sauti kubwa, yeye na mimi sasa ni wenzi wa masikio. Nisalimie baba mdogo na watu wote wa msikitini. Bakari msimpe salamu, mpeni barua yenyewe asome kwa macho yake, kisha anitukane atakavyo. Nitamjibu akishamaliza.

Zainabu, la mwisho ni lako, na Mama anisamehe kwa sababu najua lazima ulisome mbele yake. Najua kwetu habari ya msiba haitajwi wazi, inafunikwa kwa adabu, na ni vizuri hivyo kwa watu wenye masikio. Mimi sinayo tena. Siku ikifika ya kunipigia kuhusu Mama, Mungu aiweke mbali sana, usiniambie katutoka. Usiniambie katangulia, wala kapumzika. Sema kafa. Ulitaje na jina lake. Ukinisikia nimejibu kitu cha kipumbavu, nimecheka au nimesema alhamdulillah, usikate, nakuomba, rudia kwa sauti. Rudia mpaka ninyamaze.

Mwanao na kaka yenu,
Saidi