Chakula Kilichofika Baada ya Saa Sita

Jumamosi, 13 Julai

Vishakha kasema daftari la namna hii halianzwi kwa salamu, andika tu kilichotokea. Lakini mimi nilifundishwa barua kwanza, nisiposalimu mkono hauendi. Basi. Salamu kwa Pralhad, baba watoto, na mgongo wake. Salamu kwa mama mkwe, macho yameingia ukungu ila masikio yanasikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu. Salamu kwa Vishakha binti yangu huko kwa mumewe, na mjukuu wangu Ovi aliyeota jino. Salamu kwa mwanangu Nagsen, leo siku ya saba hayupo nyumbani. Na paka – kalala juu ya begi langu, hataki nifunge.

Mimi mzima. Nashukuru.

Kesho naenda mapangoni kwa watawa na wanawake wenzangu wa mtaani, kumwona Nagsen, tulale huko mpaka ashuke. Amenyoa nywele na kuvaa joho la utawa kwa siku kumi, kama vijana wengi wa kwetu wafanyavyo mara moja maishani. Siku kumi tu. Jumatano anashuka. Alhamisi anakwenda na baba yake manispaa kuandikisha jina. Baba yake anastaafu, na kazi ya kufagia barabara inamwangukia mtoto. Chumba nacho ni cha kazi. Anayefagia ndiye anayelala humu. Sisi tumelala humu miaka thelathini na moja.

Nina hofu na njia. Mvua, mawe, ruba. Housa jirani yangu ananicheka. Ati ruba wakinionja watatema, damu yangu yote wasiwasi.

Jumapili, 14 Julai

Nimefika. Naandika pangoni, mgongo kwenye jiwe, sari inakauka mwilini.

Niliamka alfajiri nikapika chapati za dengu na sukari guru. Nagsen anazipenda tangu hana meno. Basi lilitushusha saa mbili. Dagadu, muuza maziwa ya nyati, alikuwa anatungoja, yeye ndiye mwenye kuijua njia. Housa akatuhesabu: wanawake sita, miavuli sita, magoti mazima manne.

Msitu wote unatiririka. Kaa wadogo wanavuka njia kama wana shughuli mjini. Nilianguka mara mbili, kopo la chakula sikuliachia. Dagadu kaniambia, "Mama, mikono yako mali ya kopo, miguu ndiyo umeisahau."

Sasa kosa langu. Tulipofika chini ya mwamba uliojitokeza kama paa, Dagadu alikuwa ameficha kuni kavu za chai yake. Nikagusa kopo – baridi. Nikasema, tuzipashe moto, nizipake samli.

"Mwanao ana meno au hana?" Housa akaniuliza. "Chapati baridi haijaua mtawa hata mmoja."

"Dakika tano, Housa."

Kuni hazikuwa kavu hivyo. Dakika tano zikawa nusu saa. Tukafika pangoni saa sita na dakika ishirini.

Mtawa hali baada ya saa sita mchana mpaka kesho yake alfajiri. Hilo nalijua tangu utoto. Watawa wakija mtaani kwetu mimi ndiye naikodolea saa macho, nawakemea wenzangu wapakue haraka. Leo nikasahau. Kwa sababu niliyekuwa nampelekea chakula kwangu mimi hakuwa mtawa. Alikuwa Nagsen.

Alisimama mlangoni pa pango. Amekonda. Kichwani lile kovu la utotoni, alipoanguka ngazini ana miaka mitatu, sikuwa nimeliona tangu nywele zilifunike. Nikapiga magoti, nikamsujudia mara tatu mpaka paji likagusa jiwe. Mama anamsujudia mwana aliyevaa joho, mwana haruhusiwi kurudisha. Najua. Nimewaona wengine wakifanya, nikadhani ni rahisi.

"Asante kwa safari, upasika," akasema.

Upasika. Ndivyo watawa wanavyomwita mwanamke yeyote muumini.

Akalitazama kopo. Akatazama mwanga nje. "Saa sita imepita," akasema, kwa sauti ile ya chini, kama alipokuwa mtoto ana homa.

Chapati tukala sisi. Housa kala tatu. Ati kosa langu tamu, nikosee tena Jumapili ijayo. Dagadu kalamba samli ya kifuniko.

Nyumbani kila mvua hukohoa, huku hakohoi. Nilimsikiliza mchana kutwa, hajakohoa hata mara moja. Nashukuru kwa hilo.

Jumatatu, 15 Julai

Leo nimewahi. Saa nne na nusu chakula kilikuwa kwenye bakuli lake: wali, dengu, na kachumbari ya pilipili aliyotengeneza Housa. Kilikuwa baridi. Alikula chote.

Halafu Bhante, mtawa mzee, akatupeleka kwenye kisima kilichochongwa ndani ya mwamba. Juu ya maji kuna mstari wa herufi za kale. Anazisoma kwa kidole kama mimi. Ameandika aliyeandika: maji haya ni zawadi ya mama wa mtawa Sihadata.

Nikauliza, jina la mama mwenyewe?

"Halipo," Bhante akasema. "Lipo la mwanawe."

Housa akasema, "Kumbe hata miaka elfu mbili nyuma tulikuwa tunaitwa kwa watoto."

Wengine wakacheka. Mimi nilikuwa nawaza. Mtaa mzima unaniita mama Nagsen, miaka ishirini na sita. Jina langu, Shevanta, analiita Housa tu, na karatasi za serikali. Huku mwanangu wamempa jina jipya la utawa, na ulimi wangu bado haulishiki.

Nilikunywa viganja vitatu. Maji baridi mpaka kwenye fizi, na matamu. Asante, mama Sihadata. Ulitufikiria.

Jumanne, 16 Julai

Siku ya mwezi mpevu. Tulivaa sari nyeupe, tukaketi kwenye ukumbi wa ndani mbele ya kuba la jiwe. Tukisema neno moja, pango linalisema mara tatu. Nilijisikia vizuri sana. Ningeacha kuandika hapo.

Baada ya sala Bhante akaniita. Nagsen alikuwa kaketi kando yake.

Nagsen hataki kushuka kesho.

Anataka kukaa miezi mitatu ya mvua. Na baada ya mvua pia. Anataka kubaki na joho. Bhante akasema bila kauli ya wazazi wawili hampokei, hata mmoja akikubali haitoshi. Baba yake Buddha mwenyewe alilia kwa kuchukuliwa watoto bila kuulizwa, ndipo sheria hiyo ikawekwa. Na kesho jioni watawa wanajifunga kukaa mahali pamoja miezi yote ya mvua. Aliye ndani yuko ndani.

Nikamwuliza mwanangu, "Na chumba?"

Aliinamisha macho. "Baba aliniambia siku moja tukichota maji: ufagio huu naomba uishie mkononi mwangu. Hukuwepo, mama."

Mama. Alisema mama. Bhante akavua miwani, akaifuta muda mrefu, na haikuwa chafu.

Pralhad hajawahi kuniambia neno hilo la ufagio. Tumelala chumba kimoja miaka yote hiyo.

Jumatano, 17 Julai

Asubuhi. Mvua imekatika kidogo. Simu huku haishiki. Dagadu anashusha maziwa sasa hivi, anasema mwenye duka kijijini ataipiga picha karatasi yangu na kuituma kwenye simu ya Vishakha, yeye atamsomea baba yake kwa simu. Naandika mara mbili, moja iende, moja ibaki humu.

Baba Nagsen, Jai Bhim. Salamu kwako, kwa mama, kwa Vishakha na mumewe, kwa Ovi na jino lake. Mimi mzima, mtoto mzima, hakohoi. Anaomba kubaki huku na joho. Wanataka kauli yako na yangu, kabla ya jua kuzama leo. Amenieleza uliyomwambia kuhusu ufagio. Sijakasirika. Ningependa ungeniambia na mimi. Chumba nakijua, usinikumbushe chumba. Mama asihangaike, popote tutakapokwenda kitanda chake kitakuwa karibu na jiko. Ukikataa, kesho tunashuka naye. Ukikubali, mtumie Dagadu wa maziwa blanketi la sufu, lile la sandukuni – basi la mchana litalifikisha kijijini. Wanalala juu ya jiwe tupu. Vyovyote utakavyosema, tuma blanketi. Jibu upesi kwa mwenye duka, Dagadu anapanda tena saa tisa, nami nitakuwa nimekaa hapa kisimani namtazamia.